Kibanda cha Marlys na Bunduki Niliyoiunda Jikoni

Jumamosi, 2 Novemba

Siku kumi na tatu kabla ya msimu wa kulungu. Theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Nimeamua. Nitaunda bunduki!

Sababu ni Dale. Amekuja asubuhi, akanywa kahawa vikombe vitatu, akasifu pazia ambalo limekuwapo miaka kumi, ndipo akatoa lililomleta. Kibanda cha kuvizia cha Marlys, kule kwenye kinamasi cha mierezi, hakiwezi kukaa kitupu mwaka huu. Nikasema sawa, nitakaa mimi. Shemeji yangu akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema mimi ni mpishi wa kambi yetu ya uwindaji. Akasema katika misimu thelathini na moja nimeua majiko mawili na sufuria moja.

Marlys alikuwa mke wangu na dada yake yeye. Kibanda alikijenga baba yao, kwa hiyo Dale anajiona ndiye msemaji wa mbao zile. Ametangaza mashindano. Jumatano ya tarehe 13, kwenye shimo la changarawe, kila mtu apige risasi tano kwa umbali wa hatua mia moja. Ambaye matundu yake yatakaribiana zaidi ndiye atakayekaa kibandani msimu mzima. Wengine watakaa kwenye vile vibanda vya ovyo karibu na barabara, na mmoja atapika.

Sikumwambia kwa nini nakitaka. Naandika hapa.

Kila tarehe 15 Novemba Marlys aliondoka kambini kukiwa bado giza, akarudi saa sita mchana, pua nyekundu. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimwuliza ameona nini. Alisema, "Vitu." Kisha akavua viatu. Misimu thelathini na moja, jibu ni hilo hilo. Alifariki Machi, na sijui bado ni vitu gani vile vya kumweka mtu kwa muda wa saa sita kwenye baridi akirudi ana furaha. Julai nilikwenda kuangalia. Majani matupu na mbu. Nikavumilia dakika tisa. Vitu vya Novemba vinaonekana Novemba.

Kwa hiyo bunduki.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya kuchagua risasi. Nimezipanga kwenye dirisha la juu ya sinki, mbele ya maua ya zambarau ya Marlys, kama watoto wa shule wanaopigwa picha.

Wa kwanza kushoto ni 223. Mwembamba, ana haraka, mwepesi. Dale anasema ni wa kuulia panya. Kulia kabisa ni thelathini-sifuri-sita ya Dale mwenyewe, mrefu kama kidole changu cha kati na mwenye majivuno kama Dale. Hiyo haiingii kwenye bunduki ya aina ninayotaka, ile inayojipakia yenyewe. Katikati ni Grendel ya sita na nusu. Jina la kutisha, umbo la mama mpishi: fupi, nene kiunoni, bega kali, na juu yake kichwa kirefu cha kupendeza. Nimeitazama muda mrefu. Kwa nini bega lile? Kwa nini kiuno kile? Inaelekea baruti ikiwa kwenye chungu kifupi na kipana inaungua vizuri zaidi kuliko kwenye chungu kirefu chembamba. Hilo mpishi analielewa mara moja! Nimechagua Grendel.

Nimechora jedwali. Kila risasi na inavyoshuka kwa hatua mia, mia mbili, mia tatu. Nimeongeza pia Savage 300, ambayo ni ya bunduki ya Marlys, ya mwaka ambao baba yake alioa. Mashindano ni ya watu watatu: mimi, Dale, na Kristi, binti yake Dale, muuguzi wa zahanati ya mjini. Kristi hana bunduki tangu mumewe aondoke nayo pamoja na mashine ya kufulia, kwa hiyo ataazima, labda nzuri. Na ana macho mazuri kupita kiasi.

Nimeangalia jedwali tena. Kwa hatua mia tatu Savage inashuka zaidi kuliko Grendel kwa upana wa kidole. Risasi ya kizee!

Nimempigia Kristi simu. Nimemwambia, kwa sauti ya upole, kwamba shangazi yake angependa atumie bunduki yake. Kristi akasema, "Anko Vern, kweli?" Akalia kidogo. Nikajiona mwovu kwa muda wa kama dakika nne.

Jumanne, 5 Novemba

Vipande vyote vimefika. Kile kiunzi chenye namba, ambacho kisheria ndicho bunduki yenyewe, nimekichukua dukani mjini na karatasi zake zote, kama sheria inavyotaka. Mwenye duka akauliza ni zawadi ya nani. Nikasema yangu. Akanitazama, akatazama miwani yangu iliyofungwa kwa gundi, akasema anatumaini nina muda wa kutosha.

Nimeanza kazi kwenye meza ya jikoni. Maelezo yanasema mtu yeyote mwenye subira anaweza. Nina subira. Nilitengeneza mabasi ya shule miaka ishirini na sita.

Saa nne asubuhi springi moja ndogo imeruka. Nimeisikia ikigonga friji. Nimevuta friji. Nyuma yake: kitufe cha koti la Marlys, pipi ya Pasaka, na penseli yake ya kujazia mafumbo ya gazeti, imeng'atwa ncha. Nimekaa sakafuni na ile penseli mpaka miguu ikafa ganzi. Springi haikuwapo. Niliikuta jioni kwenye maua ya zambarau nilipoyamwagilia.

Bunduki imesimama sasa, isipokuwa mtutu. Mtutu ni wa rangi ya fedha, unang'aa. Kulungu ataona. Lazima upakwe rangi.

Alhamisi, 7 Novemba

Kristi amekuja kuchukua Savage. Amevua kofia kabla ya kuishika, kama kanisani. Nikamwonyesha droo ya Marlys. Kila Oktoba alinunua glavu za sufi, akakata kidole cha shahada cha mkono wa kulia ili ahisi triga. Vile vidole vilivyokatwa hakuvitupa. Viko thelathini na kitu, vimejaa droo, vya kila rangi. Kristi akauliza alivitunza vya nini. Sijui. Hilo nalo sikuwahi kuuliza.

Nimegundua risasi ya Grendel inaingia ndani ya kidole cha glavu barabara kabisa. Haigongani na nyingine mfukoni. Ugunduzi mkubwa!

Nimempa Kristi ushauri wa kitaalamu kuhusu Savage: kwamba ni risasi ya zamani, asitarajie makubwa. Akasema asante, Anko. Akauliza inashuka kiasi gani kwa hatua mia. Nikasema tusiingie kwenye hesabu.

Jumamosi, 9 Novemba

Kisa cha rangi.

Kopo linasema rangi ipakwe, kisha chuma kichomwe kwenye joto la kutosha kwa saa mbili ili igande kama mawe. Tanuri la jikoni ni dogo, mtutu ni mrefu. Lakini nyuma ya nyumba tuna sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke! Mbao safi, jiko la kuni, mawe, benchi la juu ambako joto linaweza kukausha chura. Nani mwingine katika nchi hii ana tanuri la urefu wa mtu? Nimepaka tabaka moja. Ikapendeza. Nikapaka la pili. La tatu nililipaka kwa furaha tu. Nikauning'iniza mtutu juu ya mawe, nikawasha kuni za mbetula, nikaenda kulala kidogo.

Nilisahau ni Jumamosi. Jumamosi saa kumi na moja jioni Dale na Kristi huja kuoga, kama walivyofanya maisha yao yote. Niliamshwa na Dale akipiga kelele. Alikuwa amesimama kwenye theluji, taulo moja, macho mekundu kama ya sungura. Alikuwa amemwaga maji juu ya mawe bila kuangalia juu.

"Shemeji! Kama unataka kibanda sema! Usituue kwa mvuke!"

Nikamwambia anakanyaga theluji bila viatu. Akasema analijua hilo. Kristi alikuwa bado hajaingia, alikuwa amekaa kwenye ngazi akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Aliuliza je, hicho chuma kimeoga au bado.

Mtutu umetoka mweusi, laini, mzuri. Dale amesema ananuka kama karakana na hatakuja Jumamosi ijayo. Atakuja.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemaliza kuunganisha. Ile pete ya chuma inayokaa juu ya mtutu ilikuwa ngumu kuvaa, nikaisukuma kwa nguvu mpaka ikagoma, nikakaza skrubu. Nimefika shimo la changarawe peke yangu.

Risasi ya kwanza! Mlio mtamu. Nikavuta triga tena. Kimya.

Ganda tupu lilikuwa limetoka, likadondoka mguuni pangu kama limechoka. Lakini risasi mpya haikuingia. Nikavuta komeo kwa mkono. Nikapiga. Ikalia, kisha kimya tena. Nikavuta tena. Bunduki inayojipakia yenyewe, na mimi ndiye ninayeipakia.

Nimepiga kumi na tano namna hiyo. Kuvuta, kupumua, kulenga, kupiga. Kuvuta, kupumua. Matundu kwenye karatasi yalikuwa yamekaribiana hivi kwamba ningeweza kuyafunika matano kwa kifuniko cha chupa. Sikuyajali. Kwa nini haijipakii? Hilo ndilo swali.

Jumatatu, 11 Novemba

Uchunguzi.

Kwanza nimejifunza inavyofanya kazi, jambo ambalo pengine lingetangulia. Risasi ikipita kwenye mtutu, moshi kidogo unaibiwa kupitia tundu dogo, unaingia kwenye ile pete, unapita kwenye bomba jembamba na kurudi nyuma kulisukuma komeo. Komeo linatupa ganda, linarudi mbele na risasi mpya. Pumzi tu! Bunduki nzima inaendeshwa na pumzi. Nimelitafakari hilo muda mrefu huku chai ikipoa. Basi pumzi ya bunduki yangu haitoshi. Inaishia wapi?

Washukiwa:

Mafuta. Nilikuwa nimetia grisi ya mabasi. Kwenye baridi hii inakuwa kama jibini. Nimeifuta, nimetia nyembamba. Bado.

Magazini, yaani kikasha cha risasi. Nimebaini ni ya risasi nyembamba, ndiyo maana Grendel zangu nene zilikaa humo zimebanana kama akina mama kwenye benchi la mbele kanisani. Nimepata iliyo sawa, ya risasi tano, maana sheria ya uwindaji hairuhusu bunduki kama hii kubeba zaidi ya sita. Bado.

Risasi zenyewe. Nimejaribu za watengenezaji watatu. Nikapima kila ganda linaanguka wapi, nikachora duara la saa kwenye theluji kwa rangi ya chakula ya kijani. Ganda la bunduki yenye afya linaruka mpaka kwenye namba tatu, kulia kabisa. Yangu yote yalianguka kwenye namba tano, karibu na kiatu. Bado!

Dale alipita na gari lake akakuta mzee mmoja amepiga magoti kwenye duara la kijani, anazungumza na maganda. Akashusha kioo.

"Shemeji, unapanda nini?"

Nikasema nafanya utafiti. Akasema thelathini-sifuri-sita haijawahi kuhitaji utafiti. Unasukuma komeo, unapiga, unakula nyama. Nikamwuliza kama amewahi kujiuliza kwa nini bega la risasi yake lina mteremko ule. Akapandisha kioo.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeipata!

Nilivua kila kitu kwa mara ya nne. Nilipoivua ile pete, niliona alama ya masizi juu ya rangi ya mtutu. Moshi huchora mahali unapopita. Tundu la mtutu ni duara, kwa hiyo alama ingekuwa duara. Haikuwa. Ilikuwa mwezi mwandamo. Mwembamba, mzuri, mweusi.

Nilikaa nikautazama mwezi ule. Halafu nikaelewa. Tabaka tatu za rangi! Mtutu umenenepa. Pete haikufika mwisho wake. Iligoma kabla, upana wa ukucha tu, nami nikadhani imefika. Tundu la mtutu na tundu la pete hayatazamani. Nusu ya pumzi inagonga ukuta.

Nimekwangua rangi. Pete ikateleza mpaka mwisho kwa mlio mdogo kama wa kijiko kwenye kikombe. Nikakimbia shimoni kabla jua halijazama. Risasi tano: ta-ta-ta-ta-ta! Inajipakia! Maganda yote yameruka mpaka namba tatu, yakalala pamoja kwenye theluji kama mayai.

Sikuangalia karatasi. Nilitaka kumwambia mtu. Nilikuwa nimefika mlangoni na mdomo umeshafunguka ndipo nikakumbuka nyumba haina mtu. Nikayaambia maua ya zambarau. Nikayapa maji ingawa hayakuyahitaji.

Kesho nashinda.

Jumatano, 13 Novemba

Sikushinda.

Dale alianza. Bega lake bovu linajua kwamba bunduki itapiga teke, kwa hiyo linafumba macho kabla. Matundu matano ndani ya inchi mbili na robo, kwa kipimo cha mbao cha baba yao. Akajisifu kwa muda wa kuvuta sigara nzima.

Kristi akafuata. Alivaa glavu yenye kidole kilichokatwa. Akalala juu ya turubai, akapiga moja, akasubiri, akapiga nyingine. Kati ya risasi na risasi ungeweza kumenya kiazi. Mimi nilikuwa nyuma nikimweleza Dale habari ya mwezi mwandamo wa masizi. Dale akaniambia nifunge mdomo, binti anapumua. Inchi moja na robo.

Nikasema kwa haki kabisa kwamba kwa hatua mia tatu mambo yangekuwa tofauti. Kristi akasema, "Anko, hii ni mia." Nikatoa jedwali. Kwa mia, Savage na Grendel zinalingana. Safu hiyo nilikuwa sijaitilia maanani.

Zamu yangu. Nililala, nikalenga, nikapiga ya kwanza. Ikajipakia yenyewe! Jamani, raha ile! Nikahisi komeo likienda na kurudi kwenye shavu langu, pumzi imefika inakotakiwa, na kabla sijajua zote tano zimekwisha. Sekunde nne, Dale anasema tatu. Nikaruka kwenda kutazama maganda. Yote matano yalikuwa sehemu moja, namba tatu kamili. Nikayafunika kwa kofia yangu, ushahidi.

Kisha wakanirudisha kwenye karatasi. Inchi saba na nusu. Moja ilikuwa kwenye fremu ya mbao.

Dale alitembea kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye kofia, akainyanyua, akapima maganda kwa kipimo cha baba yake. Inchi nne.

"Shemeji, ungegeuza bunduki upande ungelenga vizuri zaidi."

Alikaa chini kwenye theluji kwa kucheka. Nimetambua, lakini nimechelewa, kwamba Jumapili bunduki ilipokuwa mbovu nilipiga vizuri kuliko wote. Hili nitalichunguza. Nashuku ni unyevu wa hewa.

Nimefika nyumbani, nimeifuta bunduki, nimeiweka. Basi mwaka huu tena nitapika, na saa sita mchana Kristi ataingia pua nyekundu, nitamwuliza ameona nini. Kristi ni mkweli na atanieleza. Lakini atakuwa ameviona yeye. Nilidhani nikikaa pale penye baridi ile ile, saa zile zile, ningejua jambo moja zaidi juu yake. Nina mambo mengi juu yake. Nilitaka moja zaidi.

Kristi amepiga simu wakati naandika. Kibanda kina benchi la watu wawili. Masharti: hakuna bunduki, hakuna daftari, hakuna hotuba. Dale atapika. Amelazimishwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Ufunguzi wa msimu. Nimekaa kibandani!

Tuliingia gizani, tumevaa rangi ya machungwa kama vizuizi vya barabarani. Baridi ya kupasua meno. Mimi nilikuwa na risasi tatu tu mfukoni, za kulinganisha, kila moja ndani ya kidole chake cha glavu. Hazikutoa sauti. Sauti niliitoa mimi. Kulipopambazuka nilimnong'oneza Kristi habari ya bega la Grendel, maneno machache, na kulungu jike aliyekuwa anakuja polepole kwenye kinamasi akainua kichwa, akatusikiliza, akaona hayamhusu, akaondoka. Kristi akanitazama. Nikasema samahani. Akasema, "Anko, hata shangazi alikuwa na sababu ya kukuacha jikoni."

Nikatazama. Mierezi. Theluji. Ndege mdogo mweusi kichwani akining'inia kichwa chini, miguu juu. Sungura. Tena mierezi. Nilijaribu kuona vitu kama yeye alivyoviona. Nilihesabu mierezi, ikafika arobaini na moja.

Upande wa nyuma wa kibanda kuna kidirisha kingine. Julai sikukiona, kilikuwa na ubao, na majani yalikuwa yameziba nje. Kristi aliondoa ubao ili hewa ipite. Kidirisha kidogo, upana wa gazeti lililokunjwa, kimekatwa kwa msumeno wa mkono, na si kazi ya baba yao. Baba yao alikata kwa mstari ulionyooka. Kizingiti chake kimesuguliwa na viwiko mpaka kimekuwa laini kama sabuni. Kina alama nyingi za duara za kikombe cha kahawa. Kizingiti cha mbele, upande wa kulungu, bado kina makovu ya msumeno.

Nikamwambia Kristi kwa kunong'ona kwamba Marlys alikosea. Upande huu kulungu hapiti. Hakuna njia, hakuna malisho, na upepo unapeleka harufu moja kwa moja. Hapa huoni chochote isipokuwa mteremko, miti ya mbetula isiyo na majani, na kambi.

Wakati huo, saa mbili hivi, moshi ukapanda kutoka kwenye bomba la kambi. Mweusi, mnene. Dale alikuwa anachoma nyama ya nguruwe, kwa maana ya kuichoma kweli.

Kristi aliutazama. Akasema polepole, "Huo moshi miaka mingine ni wa nani?"

Nikasema ni wangu. Kristi alikuwa na saa. Anasema nilinyamaza dakika arobaini, na kwamba dume mmoja alipita mbele yetu karibu kabisa, mwenye pembe nane, naye hakumpiga kwa sababu asingeweza kuinua bunduki bila kunisukuma, na hakutaka kunisukuma.

Niliweka viwiko vyangu kwenye kizingiti. Viliingia palepale. Marlys alikuwa mfupi kuliko mimi, nililazimika kuinama.

Tuliporudi saa sita Dale alikuwa na mkono ndani ya ndoo ya theluji na masizi usoni. Akatuuliza tumeona nini.

Nikasema vitu.

Jumapili, 17 Novemba

Kristi amempata dume wake jana, peke yake, risasi moja ya Savage. Amemtundika mjini kwenye nguzo ya kuonyeshea kulungu, pamoja na wa wawindaji wengine, watu wamempiga picha. Bunduki nimemwambia abaki nayo. Nimemwambia ukweli pia wa kwa nini nilimpa. Akasema alijua tangu siku ile niliposema tusiingie kwenye hesabu. Aliichukua tu kwa sababu ilikuwa ya shangazi.

Nimerudi jikoni kambini. Watu wamekula, wameshukuru, Dale amekula mara mbili na mkono wake uliofungwa bendeji. Nimesema mwaka kesho sitaki kibanda. Nitapika. Kristi akae pale, na apate wa kumtazama.

Lakini kuna tatizo, na mimi ndiye niliyeligundua. Leo nimeacha sufuria motoni, nimekwenda mwenyewe mpaka kibandani, nikachungulia kidirishani. Moshi wangu ni mwembamba mno! Mimi napika kwa moto mdogo, wa adabu. Unapanda, unafika kwenye vichwa vya misonobari, basi, umepotea. Wa Dale ulionekana kwa sababu kilikuwa chakula kinachoteketea. Maskini Marlys, miaka yote hiyo alikaza macho!

Kwa hiyo nitaunda jiko.

Tangi la zamani la maji moto lipo ghalani. Bomba la inchi sita au la inchi nane? La sita linavuta kwa kasi, la nane linatoa moshi mpana. Nimeagiza yote mawili. Nimechora jedwali: unene wa moshi kwa hatua mia, mia mbili, mia tatu. Nikamweleza Dale jambo la pumzi, kwamba jiko nalo ni pumzi tu. Dale akanishika bega kwa mkono wake mzima, akasema, kwa upole ambao sijausikia kwake tangu Machi, "Shemeji, nakuomba. Nunua."

Hana udadisi, Dale. Ndiyo maana alipata inchi mbili na robo.

Nimeshakata mlango kwenye tangi. Haukai sawasawa, unaacha ufa wa upana wa ukucha upande wa juu. Nimeusukuma kwa nguvu mpaka ukagoma. Nadhani umefika.